Nilitoka semina ya ualimu nikiwa na hofu kuliko nilivyoingia. Wahadhiri wenzangu wa Magharibi mwa Kenya, njooni tuzungumze

Mwanatakwimu_Ksm (mwanzilishi wa uzi)

Hamjambo ndugu zangu. Uzi huu ni mrefu. Nauandika kwanza kwa wahadhiri wenzangu, halafu kwa wanafunzi, na kwa yeyote aliyewahi kusimamia idara.

Nafundisha takwimu katika chuo kikuu kimoja cha umma huku kwetu, na naishi Kisumu. Huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Sikusomea ualimu. Nilisoma hisabati, nikaendelea na takwimu, na siku nilipopokea barua ya kazi nikakabidhiwa orodha ya yuniti tatu, ratiba na kalamu za ubao. Jumatatu iliyofuata nikaingia ukumbini. Mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuajiriwa bila cheti cha ualimu na nambari ya TSC, tume ya walimu. Mimi nilisimama mbele ya vijana mia tatu na hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kumfundisha hata mtu mmoja.

Na nilijiamini. Hilo nataka mlishike. Miaka sita ya kwanza sikuwa na shaka yoyote: somo nalijua, sauti inafika nyuma, noti zangu zinapigwa kopi hadi vyuo vya jirani. Nikimaliza kipengele nauliza, "Tuko pamoja?" Ukumbi unajibu, "Ndiyoo!" Nafuta ubao, nasonga mbele.

Kisha tukapelekwa mafunzo ya ufundishaji ya siku tatu. Siku ya pili kila mmoja alipewa dakika kumi awafundishe wenzake sita huku simu ikimrekodi. Nilifundisha mkengeuko sanifu (standard deviation, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kando ya wastani), kipengele ambacho ningeweza kukifundisha hata nikiamshwa usingizini. Tukaitazama rekodi. Mwezeshaji hakunilaumu kwa lolote. Alichukua saa ya kuhesabia sekunde, akaandika. Nilikuwa nimeuliza maswali saba. Baada ya kila swali nilingoja sekunde moja hivi, kisha nikajijibu mwenyewe. Akatueleza kwamba mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hilohilo miaka ya 1970 na kukuta walimu wengi hungoja sekunde moja tu. Walipozoeshwa kungoja tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kusema.

Halafu mwenzangu wa historia, aliyekuwa ameketi kama mwanafunzi wangu, akasema: "Kukokotoa nimeweza. Lakini hebu niambie, hiki nilichopata ni kitu gani?" Nikampa maana. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni fomula umeisoma kwa maneno."

Siku ya tatu tukapewa vyeti, tukapiga picha, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyelizungumzia tena jambo hilo, si idara, si kitivo.

Wiki iliyofuata nikawapa wanafunzi wangu nusu karatasi kila mmoja: eleza kwa maneno yako, mkengeuko sanifu unakwambia nini kuhusu bei ya omena (dagaa) sokoni? Nilirudi nyumbani na karatasi 214. Nilizisoma mezani hadi usiku wa manane. Wengi waliandika fomula. Wengine waliandika "ni wastani". Waliosema jambo ambalo mtu angeweza kulijengea walikuwa 19. Na hao 214 ndio haohao waliokuwa wakiniitikia "Ndiyoo".

Tangu siku hiyo niliogopa muhula mzima. Nilikuwa nafika mlangoni nasimama, mkono kwenye kitasa, nikisikia zile kelele za ndani, na siwezi kuingia mpaka nivute pumzi mara mbili tatu. Mtu mwenye miaka sita kazini! Nilifikiria kuomba nihamishiwe utafiti tu. Nilikuwa nawaza wale wote niliokwisha kuwapitisha, walioko sasa kwenye wizara na mahospitali wakiandika ripoti kwa takwimu zangu.

Basi hoja yangu ni hii. Alasiri ya mwisho ya semina tulijaza fomu: "Je, sasa unajiamini zaidi katika ufundishaji?" Nilitia alama kwenye 5, sawa na kila mtu chumbani, maana chai ilikuwa imeshaandaliwa na mwezeshaji alikuwa mtu mwema. Mahali fulani kuna ripoti inayosema semina ile ilituongezea kujiamini. Si kweli. Ilitupunguzia, na ilikuwa haki yake kutupunguzia. Kosa lilikuwa kutuacha hapohapo.

Wengine mmepitia hili?

---

Fundi_wa_Kakamega

Pole dada, na asante kwa kusema wazi. Mimi ni mhandisi, nafundisha huku Kakamega. Kwa heshima, naona umebebeshwa mzigo usio wako. Kujiamini kwa mhadhiri kunatokana na kulijua somo. Tume ya vyuo vikuu, CUE, ilipotoa viwango vyake mwaka 2014 ilitaka mhadhiri awe na PhD ya somo lake, na naona walikuwa na sababu. Aliyelijua somo vizuri atapata njia ya kulieleza. Hizi semina za siku tatu zinamtia mtu mzima mashaka, halafu mashaka hayo tunayaita maendeleo. Ungeachwa na utulivu wako.

---

JapuonjWaNyalenda

Mimi ni wa upande wa pili. Nilisoma shahada ya elimu, nikafanya mazoezi ya kufundisha muhula mzima katika shule moja ya Seme, nikafundisha sekondari miaka minane kabla ya kuja chuo. Andalio la somo, azimio la kazi, vyote navijua. Nilidhani nitakuwa na raha.

Wiki ya kwanza chuoni nilikuta darasa la watu 400, kipaza sauti kibovu, madirisha yamejaa vijana waliokosa viti. Hakuna andalio la somo nililofundishwa linaloendana na hapo. Nilikuwa nimezoea kupita katikati ya madawati nikichungulia daftari. Pale huwezi hata kupita. Kwa hiyo hata sisi wenye vyeti vya ualimu, vyeti vyetu ni vya kidato, si vya ukumbi. Nilirudi kuwa mtu wa kusomea watu noti, na nilijua kabisa ninachokosea, jambo ambalo linauma kuliko kutojua.

---

Mwanatakwimu_Ksm

@Fundi_wa_Kakamega kaka, nimekusikia, na miaka sita nilisema maneno hayohayo. Lakini nikupe mtu wa upande wako, mwanafizikia. Eric Mazur wa Harvard alianza kufundisha fizikia ya mwaka wa kwanza mwaka 1984. Somo analijua, wanafunzi wanampa alama za juu kwenye tathmini. Mwaka 1990 akawapa mtihani mfupi wa maswali ya maneno tu kuhusu nguvu na mwendo, mambo ya Newton, hakuna hesabu ngumu. Matokeo yakamshtua: watu waliokuwa wakikokotoa maswali magumu hawakuelewa mambo ya msingi. Hakukosa maarifa ya somo yule. Alikosa kujua kinachotokea vichwani mwa waliokaa mbele yake, na utulivu wake ndio uliomficha.

Sasa kuhusu mashaka. Baada ya muhula ule nilianza kusoma, maana nilitaka kujua kama ni mimi peke yangu. Nikakuta utafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, wa Postareff na wenzake, uliotoka 2007. Waliangalia wahadhiri 200, wengine hawajapata mafunzo yoyote ya ualimu, wengine wamepata kidogo, wengine mengi. Waliosoma kwa muda mrefu walijiamini zaidi na walifundisha kwa kumtazama mwanafunzi zaidi. Lakini wale wa kozi fupi walikuwa chini hata ya wale ambao hawakusoma kabisa! Niliposoma hapo niliweka simu chini nikatoka nje. Miaka mitatu nilikuwa nimefikiri ni udhaifu wangu.

---

Fundi_wa_Kakamega

Sawa, lakini wewe ni mtu wa takwimu, kwa hiyo nikuulize kama mtu wa takwimu. Hao ni watu tofauti waliolinganishwa kwa wakati mmoja. Huenda waliochukua kozi fupi ni watu waliokuwa na mashaka tangu mwanzo, ndiyo sababu wakaenda kozi. Na waliosoma muda mrefu ni wale wanaopenda kufundisha. Mafunzo yenyewe yanaingia wapi hapo?

---

Mwanatakwimu_Ksm

Swali zuri sana, na ndilo la kuuliza. Waandishi haohao walirudi kwa baadhi ya watu wao wakawapima tena, wakachapisha 2008. Safari hiyo walikuwa wanamlinganisha mtu na nafsi yake ya zamani. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo sitalibebesha zaidi ya uwezo wake, lakini kujiamini kulipanda kwa wale walioendelea na mafunzo. Ongeza Gibbs na Coffey, 2004, vyuo vikuu 22 katika nchi 8: waliopata mafunzo walibadilika kuelekea kwa mwanafunzi, na kundi la kulinganishia, lisilopata mafunzo, ama lilibaki palepale ama likarudi nyuma. Kwa hiyo hata kuachwa na utulivu wako si kusimama mahali pamoja. Unazidi kuzoea njia yako.

Lakini aliyenisaidia kuelewa kilichonipata ni Albert Bandura, mwanasaikolojia. Mwaka 1977 alieleza kwamba mtu huchota imani katika uwezo wake kwenye visima vinne. Kwanza, kufanya jambo mwenyewe ukafaulu. Pili, kumwona mtu kama wewe akifaulu. Tatu, kuambiwa na mtu unayemheshimu kwamba unaweza. Nne, jinsi mwili wako unavyojisikia unapolifanya, yaani moyo, jasho, pumzi. Na akasema cha kwanza ndicho chenye maji mengi.

Sasa itazame semina ya siku tatu. Cha tatu kimejaa, tumeambiwa sana kwamba tunaweza. Cha pili kidogo. Cha kwanza kikavu kabisa, maana hakuna aliyetusindikiza hadi darasani tujaribu na kufaulu. Na cha nne kikachafuka: mimi mlangoni na mkono kwenye kitasa. Mwezeshaji alikuwa amebomoa nyumba yangu ya zamani kwa haki, kisha siku tatu zikaisha kabla hatujachimba msingi.

---

Mzee_wa_Njoro

Wanangu, nimestaafu, lakini nimesoma uzi huu wote. Nilianza kufundisha Egerton kikiwa bado chuo cha diploma cha kilimo, kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 1987. Mambo ya semina hatukuyajua. Lakini nikwambieni lililokuwepo. Muhula wangu wa kwanza, mzee mmoja wa idara, mtu wa mifugo, alikuwa anaingia darasani mwangu anakaa kiti cha nyuma. Hasemi kitu. Tukitoka tunatembea pamoja hadi zizini, na njiani ananiuliza swali moja tu: "Leo yule kijana wa dirishani umemwona?" Au: "Ulipochora tumbo la ng'ombe, ulimchorea nani?" Swali moja, basi. Hakuniandikia ripoti, hakumpelekea mkuu wa idara.

Nilipofika mwaka wa pili sikuwa naogopa tena. Darasa letu lilikuwa la watu 30, nalikubali hilo, na wakati wenu una watu wengi mno. Lakini kiti cha nyuma bado kipo. Nani anakikalia?

---

Komredi_Bondo

Shikamoo wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Naomba niwaambie kwa nini tunajibu "Ndiyoo".

Saa nane mchana ukumbi una joto, umekaa watu wawili kiti kimoja, na ukisema hujaelewa watu 300 wanageuka kukutazama. Halafu ukisema hujaelewa, mhadhiri anarudia maneno yaleyale kwa sauti ya juu zaidi. Kwa hiyo unaona ni heri ukubali, ukatafute video usiku.

Kuna mhadhiri wetu alibadilika ghafla muhula uliopita. Alianza kutuuliza maswali, kutuweka wawili wawili tubishane. Kusema kweli tulilalamika. Tulidhani hajajiandaa, kwamba anataka sisi tumfanyie kazi. Fomu ya tathmini ilipokuja tulimpa alama za chini, mimi mmoja wao. Mtihani ulipofika nilikuta ndiyo yuniti pekee ambayo sikuhitaji kukesha. Nikisoma hapa najiuliza alijisikiaje aliposoma zile fomu.

---

Mwanatakwimu_Ksm

@Komredi_Bondo mwanangu, marahaba, na asante sana. Nitakwambia alivyojisikia, maana yalinipata mimi. Muhula nilioanza kufundisha vizuri zaidi ndio muhula tathmini yangu ilishuka. Ukisoma maoni hayo peke yako ofisini jioni, unarudi kwenye slaidi zako za zamani kesho asubuhi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2019 Deslauriers na wenzake, Harvard, waliwagawa wanafunzi wa fizikia: wengine wakasikiliza mhadhara mtamu, wengine wakafanya kazi darasani. Waliofanya kazi walijifunza zaidi kwenye mtihani, lakini walihisi wamejifunza kidogo. Kichwa kinapotoka jasho mtu hudhani hakuna kinachoingia. Kwa hiyo mhadhiri mgeni katika njia hii anapigwa pande mbili, na mafunzo yenyewe, na fomu za wanafunzi. Idara zinazotumia fomu hizo kupandisha watu vyeo zinapaswa kulijua hili. Na wewe, kama mhadhiri huyo bado yupo, mpitie ofisini kwake umwambie ulichotuambia hapa.

---

MamaWawili_Nakuru

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni mhadhiri wa muda. Nafundisha uhasibu katika vyuo vitatu hapa Nakuru na kando yake, Jumatatu huku, Jumatano kule, Jumamosi kwingine. Semina zenu sijawahi kualikwa hata moja, zinakwenda kwa walioajiriwa. Malipo ya muhula wa mwaka jana katika chuo kimoja bado nayasubiri. Mnapozungumza kujiamini, kwangu mimi kwanza ni kujua kama nitaitwa tena Januari. Nikijaribu mbinu mpya, wanafunzi wakalalamika, hakuna barua ya kunifukuza. Simu tu haitapigwa.

Lakini nafundisha watu wengi kuliko baadhi yenu. Na nataka kufundisha vizuri. Nisiye na semina, nisiye na idara, naanzia wapi?

---

JapuonjWaNyalenda

Dada, umegusa penyewe. Pale kwetu yuniti nyingi za mwaka wa kwanza zinashikwa na watu kama wewe. Wanafunzi wachanga kabisa wamepewa walimu ambao chuo hakijawawekea hata kiti cha kukalia kati ya vipindi. Kama kuna pesa za mafunzo, ziwaanzie nyinyi, na siku ya mafunzo ilipwe kama siku ya kazi.

---

Mwanatakwimu_Ksm

@MamaWawili_Nakuru dada yangu, la malipo sina uwezo nalo, na ni dhuluma. La kuanzia wapi, nikueleze lililonitoa mimi, maana halikutoka chuoni.

Yule mwenzangu wa historia aliyenitikisia kichwa ndiye niliyemwendea. Nilimwambia ninaogopa. Akasema na yeye pia. Tukakubaliana kila Alhamisi ya pili akae nyuma darasani mwangu, na mimi nikae kwake. Sharti lilikuwa moja: aliyekaa nyuma anaangalia kitu kimoja tu alichoombwa. Mimi nilimwomba ahesabu sekunde ninazongoja.

Safari ya tatu nilirudi kwenye mkengeuko sanifu. Sikuandika fomula. Niliandika ubaoni bei za gorogoro (kopo la kupimia) ya omena kwa siku tano, masoko mawili, namba za kubuni. Soko la kwanza: 190, 195, 200, 205, 210. Soko la pili: 100, 150, 200, 250, 300. Wakatafuta wastani, wote 200. Nikasema: mama mwenye kibanda cha chakula anamtuma mtoto na shilingi 220, hana nyingine. Amtume soko gani? Kisha nikanyamaza.

Ndugu zangu, kunyamaza mbele ya watu mia mbili ni kazi. Nilihesabu kimoyomoyo. Sekunde ya nne nilitamani kujijibu. Ya saba nikasikia minong'ono safu za kati, watu wawili wanabishana kwa Kiluo. Ya kumi na moja msichana wa safu ya nne, ambaye sijawahi kusikia sauti yake, akasema: "La kwanza. Kule kwa pili wastani unamdanganya. Siku mbili kati ya tano mtoto atarudi mikono mitupu." Aliyekaa karibu naye akasema lakini kuna siku atarudi na chenji ya 120. Ukumbi ukalipuka. Nikawaacha wabishane dakika tano nzima, kisha ndipo nikaandika lile neno ubaoni, mkengeuko sanifu, na fomula yake chini.

Mwenzangu alinionyesha daftari nje. "Sekunde kumi na moja," akasema. Nililia kidogo pale koridoni, sitaficha. Hicho ndicho kisima cha kwanza cha Bandura. Hakikuja kwenye semina, ingawa semina ndiyo iliyonionyesha kwamba sikuwa nacho.

Kwako wewe: nusu karatasi, swali moja la maneno, dakika tatu za mwisho. Haimkasirishi mwanafunzi yeyote na haina majina. Halafu tafuta mhadhiri mmoja wa muda kama wewe, hata wa somo lingine, akukalie nyuma mara moja.

---

Fundi_wa_Kakamega

Nimekaa na uzi huu siku mbili. Bado nasema semina ya siku tatu peke yake haifai, na naona hata mwenye uzi anasema hivyo. Lakini nitawapa watu wangu nusu karatasi Ijumaa, kuhusu msongo na mkazo katika chuma. Na kama kuna mtu wa Kakamega mjini anayeweza kunikalia nyuma, aniandikie faraghani. Naweza kuja kwake pia.

---

MamaWawili_Nakuru

Nimejaribu leo jioni. Swali: uchakavu wa mashine (thamani yake inayopungua mwaka hadi mwaka) ukiandikwa vitabuni, pesa zimekwenda wapi? Wamerudisha karatasi 63. Watoto wamelala, niko ya arobaini, na karibu wote wamekosea mahali pamoja.

---

Mwanatakwimu_Ksm

Mahali gani dada? Andika hapa.

---

MamaWawili_Nakuru

Wanadhani uchakavu ni pesa zinazowekwa kando benki kila mwaka ili mashine mpya inunuliwe. Nimewafundisha wiki tatu, wanapiga hesabu zote sawasawa, na sijawahi hata siku moja kuwaambia kwamba hakuna shilingi inayotoka. Darasa hilo ninalo tena Jumatatu saa mbili asubuhi. Najua nitaanzia wapi.